JE, UNAMJUA MDOGO WAKO?

Na Mwandishi Wetu

Askari hufunzwa kutazama. Anapopelekwa mahali pageni, jambo la kwanza ni kuijua ardhi: mto unavukika wapi, kijia kinatokea wapi, ni mlima upi unaotazama kambi. Polisi naye hufunzwa kumtambua mtu kwa mwendo wake, kwa usemi wake na kwa marafiki anaoandamana nao. Hizo ndizo kazi zetu, na aghalabu huzifanya vema. Lakini je, ndugu wasomaji, ni wangapi miongoni mwetu ambao wakiulizwa ghafla wataweza kueleza mdogo wao aliyebaki nyumbani anapenda nini, anaamka saa ngapi, anakaa na nani jioni, na anakusudia kuwa nani katika maisha yake?

Swali hili hatukulibuni. Tuliulizwa sisi wenyewe, kwa simu, usiku mmoja wa Jumamosi katika mwezi wa Julai mwaka 2023, na hatukuwa na jibu.

USIKU WA MASWALI

Nyumbani kwetu ni Kitswamba, wilayani Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, kando ya barabara itokayo Fort Portal kwenda Kasese. Tuliondoka huko mwaka 2009 kwenda kuitumikia nchi katika jeshi. Wakati huo mdogo wetu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa na umri wa miaka 5. Tulimwacha akilia mlangoni, naye ameshika kofia yetu kuukuu. Toka siku ile tulirudi likizoni mara chache, siku mbili tatu, tukala, tukalala, tukaondoka.

Wasomaji watakumbuka hali ilivyokuwa katika mwezi ule wa Julai. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walipoivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, mpakani mwa Kongo, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wanafunzi, na kuwateka wengine. Wilaya nzima ilikuwa katika msiba na hofu. Mtoto akichelewa dukani, mama husimama uani.

Basi katika hali hiyo simu yetu ililia, nasi tuko kambini mbali. Alikuwa mama. "Mwanangu," alisema, "saa tano sasa, na mdogo wako hajaonekana. Simu yake haipatikani." Tulimtuliza mama, tukatafuta namba ya kituo cha polisi kilicho karibu na nyumbani, na tukampata sajenti wa zamu. Mtu yule alikuwa mwungwana na mwenye kuijua kazi yake. Akatwaa kalamu, akaanza kuuliza kama inavyopasa.

Urefu wake? Tulikisia. Nguo alizovaa? Hatukujua. Marafiki zake ni akina nani? Hatukujua hata mmoja. Jioni hupenda kwenda wapi? Hatukujua. Anacheza mpira? Anakunywa? Anasali wapi? Ana mchumba? Amepata kugombana na mtu? Ana desturi ya kutolala nyumbani? Kila swali lilijibiwa kwa kimya. Mwisho sajenti akasema kwa upole, "Afande, ni ndugu yako wa tumbo moja?"

Ni ndugu yetu wa tumbo moja. Tulijua jina lake, na tulijua karo yake ni kiasi gani kwa muhula. Zaidi ya hayo hatukuwa na la kuandikisha.

Alfajiri kijana alirudi mzima, miguu yake imejaa tope hadi magotini. Alikuwa amekesha katika mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, akilinda zamu ya maji ya mzee mmoja ambaye afya yake haimruhusu kukesha. Simu ilikuwa imeishiwa moto. Alikuwa amemwachia ujumbe mtoto wa jirani, na yule mtoto akapitiwa na usingizi. Mama alicheka huku akilia. Nasi tulicheka pia katika simu, lakini swali la sajenti halikututoka.

JINA LA ZAMU

Sisi Wakonzo tuna desturi ambayo wenzetu wa makabila mengine huistaajabia. Mtoto hupewa jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa. Mwana wa kiume wa kwanza ni Mumbere au Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungo. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Ndugu zetu Wanande wa Beni na Butembo, ng'ambo ya mpaka, wana mpango huohuo kwa matamshi yao: Kambale ndiye Bwambale wetu, na Kasereka ndiye Masereka.

Ni desturi nzuri. Ukikutana na mtu njiani akakutajia jina lake, umekwisha kujua kama ana kaka wa kumtii au wadogo wa kuwatunza. Heshima hupangika yenyewe. Mkubwa anajua wajibu wake, na mdogo anajua pa kukimbilia.

Walakini jina la zamu hueleza mtu alikuja wa ngapi duniani, wala halielezi amekuja kufanya nini. Katika soko moja la Bwera unaweza kuita jina la mwana wa tano na wakageuka watu wengi, mmoja mwalimu, wa pili mchuuzi wa nguo, wa tatu mlevi. Sisi tulikuwa tumelichukua jina la mdogo wetu kuwa ndiyo habari yake yote. Kwetu alikuwa ni yule mdogo, basi. Wala hili si la Wakonzo peke yao. Mwenye jeshi au polisi, awe ametoka Gulu au Mbale, Arua au Masaka, anamwacha mdogo wake akiwa mtoto, na moyoni mwake mtoto yule hakui.

"UMEKUJA KUMTEMBELEA AU KUMKAMATA?"

Tulipata likizo mwezi wa Desemba mwaka uleule. Kijana alikuwa na umri wa miaka 19, na alikuwa ametoka kufanya mtihani wa kidato cha nne. Asishangae msomaji kwa umri huo. Shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona tangu Machi 2020, na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022. Watoto wengi walipoteza karibu miaka miwili.

Tulipoingia mlangoni kijana alisimama wima, akapokea begi kwa mikono miwili, akasema, "Karibu, afande."

Tuliona fahari, na hilo ndilo kosa letu la kwanza. Nyumbani hakuna afande. Kosa la pili lilifuata wakati wa chakula. Mama alikuwa amepika bundu ya muhogo na sombe, na kabla ya kunawa tulikwisha kuanza: Jana ulikuwa wapi? Na nani? Mpaka saa ngapi? Kwa nini? Kijana alijibu kila swali kwa neno moja, macho yake yakitazama sahani. Kadiri tulivyouliza ndivyo alivyozidi kufunga mlango wa moyo wake. Mwisho mama akaweka mwiko chini akasema, "Mwanangu, umekuja kumtembelea ndugu yako au kumkamata?"

Wenzetu wa idara ya upelelezi wanajua kwamba mtu anayehojiwa hutoa maelezo. Maelezo yanafaa mahakamani. Ndani ya nyumba twahitaji mazungumzo, nayo huja tu pale mtu anapoona kwamba hakuna anayeandika.

FIMBO YENYE ALAMA

Siku ya tatu tulitambua kwamba kijana huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jogoo wa pili, na kurudi jua linapochomoza. Hatukuuliza. Tulivaa viatu, tukamfuata kwa mbali kama watu wa doria. Alishuka bondeni akiwa na tochi na daftari. Tulidhani hatujaonekana. Mara alisema bila kugeuka, "Kaka, pita kushoto, hapo pana utelezi."

Ndiyo mara ya kwanza katika likizo ile alipotuita kaka.

Pale kijitoni alikuwa amesimika fimbo ndefu ya mti mgumu, imechanjwa alama kwa kisu toka chini hadi juu. Alimulika, akasoma maji yamefika alama gani, akaandika katika daftari: tarehe, saa, kimo cha maji, na kama mlimani kulikuwa na wingu au la. Tulimwuliza ameanza lini. Akasema, katikati ya mwaka 2020. Nyumbani alikuwa na madaftari manne. Siku zilizokosekana ni zile alizougua malaria, nazo ameziandika hivyo: "Nilikuwa mgonjwa."

Kisha, bila kuulizwa, akaeleza. Mwezi wa Mei mwaka 2020 mito ya wilaya ya Kasese ilivunja kingo zake. Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasani na Lhubiriha yote ilifurika, ikachukua nyumba, madaraja na mashamba. Wilaya ilikuwa imekwisha kuonja msiba wa namna hiyo tarehe 1 Mei 2013, Nyamwamba ulipoingia Kilembe na mjini Kasese. Mafuriko ya 2020 yalichukua shamba la mahindi la mama yetu, pamoja na udongo wake, likabaki jiwe tupu. Sisi tulipopata habari ile tulituma fedha. Yeye alikuwa amesimama ukingoni.

"Kaka," alisema, "siku ile huku chini hakukunyesha. Tulikuwa tumeanika nguo. Mvua ilikuwa mlimani. Nikafikiri, kama maji yanatoka mbali, basi yanatumia muda njiani, na muda huo unaweza kuhesabiwa."

Maneno hayo yalitufunza zaidi ya tulivyotarajia kutoka kwa mtoto tuliyemwacha mlangoni. Mto Mubuku hutoka huko juu, chini ya vilele vyenye theluji, ambako kilele cha Margherita kimesimama mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Mtemi wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda huko mwaka 1906, akibebewa mizigo na wenyeji, barafu ya Rwenzori ilienea kilomita za mraba zipatazo sita na nusu. Leo haifiki hata kilomita moja ya mraba. Maji ya milima hiyo ndiyo yanayoendesha mitambo ya umeme ya Mubuku. Maji ya Mubuku na ya mto mwenzake Sebwe ndiyo yanayomwagilia mashamba ya mradi ulioanzishwa katika miaka ya 1960, ambako wakulima hupanda mahindi ya mbegu, mpunga na vitunguu. Yakipungua, zamu za maji hugombaniwa. Yakizidi, yanaua. Yote haya kijana aliyajua kwa macho na kwa kuwasikiliza wazee. Mchezo aupendao, kumbe, ni omweso. Tulikuwa tumeambiwa kwamba anapoteza jioni zake katika mchezo huo, lakini yeye alichagua kucheza na wazee, kwa kuwa ndio wanaokumbuka mto ulipita wapi zamani.

Tulimwuliza anataka kuwa nani. Alisita. Kisha akasema anataka kusomea ufundi wa maji, apime mito, ajue kuwaonya watu kabla ya mafuriko.

Hapo twakiri mbele ya wasomaji jambo la aibu. Ndani ya begi letu tulikuwa tumemletea fomu za kujiunga na polisi, tumekwisha kuzijaza nusu kwa mkono wetu. Tulikuwa tumemchagulia. Tulimwuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akajibu bila ukali, "Kaka, kila ukipiga simu unauliza kama karo imefika. Ikishafika, mazungumzo yamekwisha."

ALIYEULIZA KABLA YETU

Tungeweza kuishia hapo, lakini iko sehemu nyingine ya habari hii ambayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani, kijana alitusimulia kwamba mwaka uliotangulia mtu mmoja alimsemesha sokoni. Alikuwa mtu wa maneno laini, amevaa vizuri. Alimnunulia soda. Akamwuliza anapenda nini, anasoma nini, angetaka kufika wapi. Kijana, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyepata kumwuliza hayo, alimweleza yote, mpaka habari za fimbo na daftari. Yule mtu akasema analo shirika la kumsomesha bure, katika mji ambao hakuutaja, ila waondoke usiku wa siku ya pili na asimwambie mama yake, maana wazazi huzuia baraka.

Mdogo wetu hakwenda. Jioni ile alikwenda kucheza omweso, akamgusia mzee wa zamu ya maji. Mzee akamwambia, "Baraka inayoogopa mama si baraka." Basi akabaki. Yule mtu hakuonekana tena, nasi hatumjui ni nani wala alitumwa na nani.

Lakini sisi tunaovaa au tuliopata kuvaa sare twajua njia hizo. Tangu kundi la ADF lilipoivamia Mpondwe mwezi wa Novemba 1996, wilaya hizi zimepoteza watoto kwa namna mbili. Wako waliochukuliwa kwa nguvu, kama wanafunzi wa Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, wilayani Kabarole, ambako tarehe 8 Juni 1998 wenzao wapatao 80 waliuawa kwa moto ndani ya mabweni. Na wako walioondoka kwa miguu yao wenyewe, wameahidiwa masomo, kazi na mshahara, wakajikuta msituni Kongo. Kundi la kwanza hulindwa kwa bunduki, kwa doria na kwa macho makali. Kundi la pili bunduki haiwezi kulilinda, kwa kuwa adui haingii kwa kuvunja mlango. Anaingia kwa kuuliza swali zuri.

Mgeni yule kwa chupa moja ya soda aliyajua matumaini ya mdogo wetu. Sisi kwa miaka 14 ya karo hatukuyajua. Pengo hilo ndilo analopitia mwovu, awe mwasi, awe mlanguzi wa watu, awe mwuza madawa ya kulevya. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2024, karibu nusu ya wananchi wa Uganda wana umri chini ya miaka 18. Kila mmoja wao ana jambo analolitamani, na yuko mtu atakayemwuliza. Heri mtu huyo awe ni ndugu yake.

LA KUFANYA

Tunajua msomaji atasema: likizo ni fupi, mshahara ni mdogo, na lindo haliondoki. Ni kweli. Lakini mambo tuliyojifunza Kitswamba hayahitaji fedha.

Kwanza, ukifika nyumbani vua cheo pamoja na viatu. Mdogo wako akikuita afande, mwambie wewe ni kaka yake, au ni dada yake, maana leo dada zetu nao wamo jeshini na polisi, na wanaacha wadogo vilevile.

Pili, usimhoji, fanya naye kazi. Chimba naye, chota naye maji, peleka naye ng'ombe. Mtu hunena wakati mikono yake ina kazi na macho yake hayakutazami. Tulipata habari nyingi zaidi katika asubuhi moja ya kushika tochi kuliko katika chakula chote kile cha maswali.

Tatu, mazoea yake usiyaite upuuzi kabla hujayajua yanatoka wapi. Omweso ulionekana uvivu, na kuondoka alfajiri kulionekana uhuni. Mkesha wa Mubuku ulitutia hofu hadi kituo cha polisi. Vyote vitatu vilikuwa kazi ya mto.

Nne, piga simu isiyo ya fedha. Dakika tano kwa wiki zatosha. Uliza jambo moja uliloambiwa mara iliyopita, ili ajue ulisikia.

Tano, yajue majina ya marafiki zake wawili, na jina la mzee mmoja anayemheshimu. Siku ya shida hao ndio utakaowatafuta. Sajenti wa zamu atakushukuru.

Mwisho, usimchagulie njia kwa kuwa wewe uliipenda yako. Jeshi na polisi ni kazi za heshima, na anayezitaka azifuate kwa moyo. Lakini nchi hulindwa kwa njia nyingi. Anayewaonya wanakijiji kwamba mto unakuja amewalinda sawasawa na aliyesimama lindoni.

Fomu zile hatukuzirudisha kambini. Mama aliwashia moto wa chai. Kijana alijiunga na masomo ya ufundi mwaka uliofuata. Karo bado ni mzigo, na yeye bado analinda zamu za maji za watu ili asaidie kuilipa. Hatuwezi kumwahidi msomaji kwamba atafika anakotaka. Lakini sasa kila Jumapili jioni simu yetu hulia, na kabla ya salamu kwisha kaka mkubwa huuliza, "Maji yako alama ya ngapi?" Naye hutuambia. Kisha hutuambia na mengine.

Wahenga walisema udugu ni kufaana, si kufanana. Nasi twaongeza kwamba huwezi kumfaa usiyemjua. Ndugu askari, ndugu polisi, wewe unayelisoma gazeti hili kambini au kituoni, leo hii ukitoka zamu mpigie simu mdogo wako. Usimwulize karo. Mwulize jana alfajiri alikuwa anafanya nini, kisha unyamaze umsikilize.